Rangi za Udongo na Ukuta wa Bi Asya

Mmeniomba niandike, nyinyi mliobaki dukani, kwa hiyo kosa ni lenu. Mtu aliyekaa miaka ishirini na minane akiwaeleza watu tofauti ya kahawia na kahawia hana ufupi. Habari za vyeo nitaziruka, maana kwetu vilikuwa viwili tu: mwenye duka na wengine. Za mshahara nitaziruka pia, kwa sababu nao ulikuwa na tabia ya kuturuka. Yaliyobaki ni kuta, rangi na watu, na katika hayo matatu kuta ndizo zilizonisumbua kidogo kuliko yote.

Nilifika dukani, pale Darajani, nikiwa na shahada ya historia kutoka chuo kikuu cha bara, suruali moja ya heshima na imani kwamba Serikali ilikuwa ikinisubiri. Haikuwa ikinisubiri. Aliyekuwa akinisubiri ni mwenye duka, aliyepokea kitabu cha rangi kutoka ng'ambo chenye majina ya Kizungu matupu, ilhali wateja wake walikuwa wa Jang'ombe na Kikwajuni. Akaniambia: "Wewe umesoma. Zipe hizi rangi majina ya watu."

Nyeupe haikunishinda. Buluu haikunishinda. Lakini kitabu kile kilikuwa na kurasa nne nzima za rangi za udongo: nyekundu iliyochoka, manjano iliyokomaa, kahawia za kila aina, vipande vidogo vidogo kama stempu. Nikakaa navyo siku nzima. Jioni mwenye duka alikuta nimeandika kwa mwandiko mzuri: Machweo ya Jangwani, Siri ya Msitu, Joto la Mapenzi. Jangwa sijapata kuliona. Msitu niliokuwa nikiujua ni wa Jozani, na siri yake kubwa ni mbu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Jang'ombe aliyetaka kupaka chumba cha bibi harusi. Nikamfunulia Machweo ya Jangwani, nikamweleza namna rangi hiyo inavyoamsha hisia za utulivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza:

"Mwanangu, hii si pweza wa kuchemsha?"

Nikatazama. Alikuwa ni pweza wa kuchemsha.

"Basi nipe madebe mawili ya pweza," akasema.

Usiku ule nilifuta orodha yote na kuanza upya: Pweza, Halua, Tende Mbivu, Mdalasini, Ugoro, Chai ya Rangi. Majina hayo ndiyo mnayoyatumia hadi leo, na huo ndio mchango wangu wote katika lugha ya taifa.

Kazi yenyewe nilifunzwa na Fundi Makame, mtu wa Makunduchi, aliyekuwa akichanganya rangi na chokaa ua wa nyuma. Siku ya kwanza alinitazama mikono kabla ya uso.

"Umesomea nini?"

"Historia."

"Ya rangi?"

"Ya dunia."

"Basi dunia iko nje. Hapa shika mwiko huu, ukoroge mpaka nikwambie basi."

Hakusema basi mpaka adhana ya Adhuhuri. Kuanzia hapo akaniita Profesa, na jina hilo lilinikaa kuliko shahada. Nilipochapisha kadi zangu za "Mshauri wa Rangi za Nyumbani", aliichukua moja, akaisoma mbele na nyuma, akaifanya kijiti cha kukorogea sampuli.

Alinifunza kwamba chokaa hurowekwa kwenye pipa na kusahauliwa, na kwamba kusahau ndiyo sehemu ngumu. Alinifunza kutia chumvi ishike, na chembe ya buluu ya kufulia ili weupe uwe mweupe kweli. Uzito wa chokaa aliupima kwa kuchovya kidole na kutazama ukucha: ukionekana kama mwezi nyuma ya wingu, chokaa iko tayari. Brashi zake alizitengeneza mwenyewe kwa makumbi ya nazi yaliyopondwa, na brashi za dukani aliziita ndevu za kukodi. Juu ya yote alinifunza kwamba ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuvalisha rangi ya plastiki, unatoka jasho. Sikumwamini, kwa sababu hapakuwa na rejea. Nikaivalisha nyumba moja ya Mji Mkongwe Halua ya plastiki kuanzia kizingiti hadi dari, ikapendeza wiki tatu, halafu ikaja mvua ya masika na ukuta ukavimba mapovu kama kaimati zilizomo kwenye mafuta. Fundi Makame alikuja kuangalia. Aliminya povu moja kwa kidole, likachuruza maji.

"Profesa," akasema, "nyumba ya watu umeizamisha ikiwa nchi kavu."

Baadaye zikaja hoteli. Mwenye hoteli mmoja wa pwani ya kusini alituita tupake vyumba vyake rangi ya udongo, na si rangi tu. Alitaka kuta za saruji zionekane kama zimekandikwa kwa mikono, na alama za vidole zionekane. Tulifanya kazi hiyo mwezi mzima. Fundi Makame, ambaye mama yake alikuwa mkandikaji hodari wa kijiji cha tatu kutoka pale, aliweka alama za vidole kwenye saruji kwa uso wa mtu anayeghushi hati. Jirani wa hoteli, mkulima wa mwani, alikuwa akipita kila siku na kutuchungulia. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya udongo, na alikuwa akidunduliza matofali miaka sita ili aondokane nayo. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Jamani, huyu mwenye hoteli kafilisika?"

"Hapana," nikamwambia, "ndivyo anavyopenda."

"Anapenda!" Akaukagua ukuta. "Basi mwambieni abadilishane na mimi. Wangu wa kweli, na panya wake wamo."

Kutoka hotelini rangi zile zikarudi majumbani kwetu, zikiwa zimepata elimu ya nje. Watu walewale niliowauzia pweza bila maneno wakaanza kuja na picha kwenye simu: ukumbi wa rangi ya tende, kochi la rangi ya mchanga, chungu kimoja kitupu pembeni kisichopikiwa kitu. Nikawa mtu wa kuitwa majumbani. Mtakaponirithi, kumbukeni haya machache. Msichague rangi nzito kwenye kipande cha stempu. Ipakeni kwenye boksi lililokunjuliwa, muitundike ukutani siku tatu, muitazame asubuhi na Alasiri. Ukumbi wenye dirisha moja ukiupaka tende, umeme ukikatika familia itatafutana kwa kuitana majina. Na rangi nzito huonyesha kila kidole cha mtoto aliyetoka kula embe. Mwambieni mteja mapema, kwa sababu mkimwambia baadaye mtoto atapigwa, nanyi mtalaumiwa.

Nije sasa kwenye kazi yangu ya mwisho, ambayo ndiyo mliyotaka kuisikia, maana najua imeshasimuliwa dukani vibaya.

Mwaka huu, kabla ya Shaabani, alinipigia simu dada mmoja, Salma, mwalimu wa sekondari anayekaa Jang'ombe. Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa Rajabu. Mama yake, Bi Asya, alikuwa kwenye eda katika nyumba yao ya Kikwajuni: nyumba ya zamani, udongo na mawe ndani, chokaa juu. Miezi minne na siku kumi hatoki, na watoto wake walitaka kumtengenezea ukumbi.

"Nnataka rangi nzito, Mwalimu. Za joto. Za udongo," Salma akaniambia, akiniita Mwalimu ingawa mwalimu ni yeye. "Akae pahala patakapomtuliza."

Nikamwuliza, kwa uangalifu, kama haitasemwa kwamba nyumba inapambwa na mwenye nyumba hajafika arubaini. Akasema hilo wameshalimaliza. Walikuwa wamelijadili kwenye kundi la simu la familia, wakagawanyika pande mbili. Kaka yake aliyeko Maskati alituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja akisema kahawia si pambo, pambo ni nyekundu. Jirani akasema inategemea inang'aa au haing'ai. Mwisho wakamwuliza shekhe wa mtaa, naye akawajibu kwamba pambo lililokatazwa ni la mwili wa mfiwa, si la ukuta, lakini wamwulize mwenyewe mama yao. Fatwa hiyo waliitekeleza yote isipokuwa sentensi ya mwisho.

Nilikwenda Jumatatu baada ya Alasiri. Kama ilivyo desturi, Bi Asya hakuonekana. Alikuwa chumbani, mlango wazi, pazia limeteremshwa, na ukumbi mzima ulikuwa mbele yake. Nikabisha hodi, nikaamkia kuelekea kwenye pazia.

"Shikamoo, Bi Asya. Pole na msiba."

"Marahaba. Nshapoa, mwanangu. Ndiye mtu wa rangi?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Fanyeni yenu."

Nikafanya yetu. Nikapima ukumbi, nikagonga ukuta, nikatoa kadi zangu. Nilikuwa nimechagua rangi ya aina isiyouziba ukuta wa chokaa, nimekwisha kuelimika kwa kaimati. Kuna mafundisho niliyokuwa nikiyatoa kila nyumba, nayo ni kwamba rangi nzuri haiji kutoka kitabuni bali imo ndani ya nyumba yenyewe, mtu aitafute. Nikaitafuta. Na kweli, juu ya benchi lililokuwa limeegemezwa ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, palikuwa na doa la mviringo, kubwa kama sahani, kahawia iliyoiva, lenye joto, kina, kila kitu ambacho Salma alikuwa akikionyesha kwenye simu. Nikaliwekea kadi ya Mdalasini. Kingo za kadi zikapotea. Katika miaka yote ya kazi sijapata kulinganisha rangi ikalingana namna ile.

"Salma, njoo uone!" nikasema. "Nyumba imeshachagua yenyewe. Hii hapa! Tuupake ukuta wote hivi, toka chini mpaka juu."

Salma alikuja, akatazama. Nyuma ya pazia kikombe kikawekwa chini.

"Fundi."

"Naam, Bi Asya."

"Unataka kuupaka ukuta wangu wote kichwa cha mume wangu?"

Kadi ilikuwa bado imo mkononi mwangu, imebandikwa pale pale. Niliiondoa polepole, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu kwa viatu.

"Miaka arobaini na moja kakaa hapo," Bi Asya akaendelea, si kwa hasira. "Anatoka Alasiri msikitini, kahawa yake, redio yake, kichwa ukutani. Mafuta ya nazi anajipaka kama anayetaka kukaangwa. Nikamshonea kitambaa cha kuwekea kichwa. Unajua alikifanya nini? Cha kupangusia miwani."

"Mama," Salma akasema, "ndiyo maana nnataka lifichwe."

"Lifichwe kwa nini? Limekukosea nini?"

Hapo Salma, ambaye tangu tulipoanza kuzungumza alikuwa akinitajia majina ya rangi kama mtu anayesoma hotuba, aliketi kwenye benchi, pembeni, si usawa wa doa. "Kila nikiingia naliona. Naona kama ndio kwanza kanyanyuka. Kama atarudi sasa hivi kuuliza kahawa iko wapi. Siwezi, mama. Rangi zote nilizozitazama, nilikuwa natazama ipi italizima."

Nilikuwa nimedhani nina kesi ya mtu aliyeiga picha za simu. Nimewacheka wengi wa namna hiyo, na wengine nimewacheka kwenye karatasi hizi. Nikakimbilia lile ambalo chuo kikuu kilinifunza. Nikasema doa lile ni historia. Nikapendekeza tupake ukuta mzima rangi nyingine, tuliache doa kama lilivyo, na tulizungushie fremu nyembamba ya mti.

"Fremu?" Bi Asya akauliza.

"Ya msaji, Bi Asya. Ndogo tu."

"Watu waje kunipa pole wakute nimelitia fremu doa la mafuta ya nazi. Salma, mtu huyu umemtoa wapi?"

Salma alicheka huku amejifunika uso kwa ukaya. Kilikuwa kicheko cha kwanza, nilielezwa baadaye, tangu siku ya maziko. Nafurahi nilikuwa na faida.

Kisha Bi Asya akasema aliyokuwa nayo. Alisema kwa utaratibu, na pazia halikutikisika.

"Mmeulizana nyote. Maskati kumeulizwa, jirani kaulizwa, shekhe wa watu kasumbuliwa. Mimi nnaekaa humu, nnaeutazama ukuta huu toka alfajiri mpaka nnalala, nimeulizwa lini?"

Salma akasema, "Haya mama, nakuuliza."

"Nataka chokaa. Nyeupe. Kila Shaabani baba yako alikuwa akiupaka mwenyewe, Ramadhani itukute weupe. Doa linapotea. Mwezi mzima ukuta kama karatasi, na mimi nashukuru. Ikifika mfungo mosi, Idi ikisha, hilo! Linatoka tena taratibu, na kichwa chake pale pale. Namgombeza. Ananambia: 'Si mimi, Asya, ni ukuta.' Arobaini na moja, kila mwaka." Kikombe kikagonga kisahani. "Mkitia hiyo mdalasini yenu ukuta wote utakuwa yeye, na mimi sitamwona popote. Tieni chokaa. Kisha mniache nimsubiri."

Nikaona ni wajibu wangu kusema ukweli wa kazi. "Bi Asya, hakuna tena wa kuliongeza. Kila mwaka litapungua."

"Hata mimi napungua, mwanangu."

Salma aliinuka, akaenda kusimama karibu na pazia, akasema kwa sauti ndogo kwamba ipakwe chokaa. Madebe ya Mdalasini yalikwenda kwake Jang'ombe, na ukumbi wake sasa ni mzuri sana. Mchana.

Ilibaki kazi, na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu niliyoyafanya ni kinyume cha kila nililowafunza. Doa la mafuta kwenye ukuta halipakwi juu kwa juu. Linafutwa kwa sabuni na majivu, linazibwa kwa rangi ya mafuta, linaachwa likauke, ndipo linapakwa. Asiyefanya hivyo doa litamrudia, na mteja naye. Mimi nilitakiwa nifanye kazi mbovu kwa ustadi: ukuta uwe mweupe wa kutosha kwa Ramadhani, na dhaifu wa kutosha kwa mfungo mosi. Na chokaa sikuwa nimeishika kwa mikono yangu miaka ishirini. Nilikuwa mshauri.

Nikaenda kwa Fundi Makame, Mtoni, alikohamia kwa mwanawe. Siku hizi anapata tabu kupanda ngazi lakini ulimi wake hauna tabu yoyote. Nikamweleza kisa chote.

"Mpaka hapo ulipo," akasema, "umetumia miaka mingapi kujifunza kufanya kazi nzuri?"

"Ishirini na minane."

"Na kazi mbaya huijui."

"Siijui ya makusudi."

Akalifunua pipa lake mwenyewe la uani, maana bado anaroweka, na bado anasahau kwa ufundi. "Tia chumvi kidogo, nusu ya kawaida. Buluu tia. Gundi usitie. Vijana siku hizi wanatia gundi ndani ya chokaa ishike. Ukitia gundi yule mtu hatoki tena. Paka mikono miwili, basi. Ukisikia moyo unakwambia wa tatu, toka nje."

Nikapaka mwenyewe, siku mbili, kwa brashi ya kumbi aliyonipa. Nyuma ya pazia redio ilikuwa ikisoma taarifa za habari kwa sauti ya chini. Mkono wa kwanza doa lilionekana kama uso nyuma ya shuka. Mkono wa pili likapotea. Vidole vikaniwasha kwa chokaa, na moyo ukaniambia wa tatu, kwa sababu pembe moja ilikuwa haijakaa sawa, na mtu akizoea kunyoosha kitu hawezi kukiona kimepinda akakiacha. Nikatoka nje. Nikakaa barazani mpaka hamu ikaniisha.

Ramadhani ikaingia, nami nikastaafu. Mkanifanyia ile sherehe ya juisi na sambusa, nawashukuru, ingawa keki ilikuwa ya rangi ya Ugoro na najua aliyeichagua. Nyumbani nilikaa nikijiambia kwamba sasa nimepumzika. Sikupumzika. Kila nikifuturu nilikuwa nahesabu: labda pipa la Fundi Makame lilikuwa zito mno. Labda mkono wangu, kwa mazoea yake, ulikuwa umeupa ukuta ule zaidi ya ulivyoombwa, na kule Kikwajuni kuna mtu nyuma ya pazia ananitazamia kosa ambalo nimeshindwa kulifanya. Mara mbili nilishika simu nimpigie Salma. Ningemwuliza nini? Kwamba vipi, kazi yangu haijaharibika?

Idi ikapita. Wiki ya kwanza ya mfungo mosi ikapita. Ya pili, siku ya Alhamisi, nikiwa naosha vyombo, kwani wastaafu tunaosha vyombo, simu ikalia.

"Mwalimu," Salma akasema, "mama kanituma nikwambie kazi yako mbovu. Doa limetoka."

Nikaweka sahani chini. "Limetoka pale pale?"

"Pale pale. Dogo, lakini limo."

"Na yeye yuko wapi sasa?"

Alisogeza simu mbali na sikio lake, au labda aliielekeza upande wa ukumbi, maana nilisikia sauti ya mtu ikipanda na kushuka, ikisimama kama inayosubiri jawabu, kisha ikiendelea. Maneno sikuyapata.

"Yuko ukumbini," Salma akasema. "Anamgombeza."